Udongo Usio na Mistari

Mzee Mogire hashuki shimoni kabla ya kuteremsha mshumaa. Huusimamisha ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaushusha kwa kamba polepole, kisha akachuchumaa ukingoni kuutazama. Mwali ukiwaka vizuri, anavua shati na kushuka. Ukinyong'onyea, anakusanya sururu na sepeto lake na kurudi nyumbani, hata kama mwenye shimo anafoka. Kwa miaka thelathini na minane amechimba visima na vyoo vya shimo katika vijiji vilivyo chini ya ukingo wa Manga, na hajawahi kutolewa shimoni akiwa amebebwa. Wawili waliomfundisha kazi walitolewa hivyo.

Ana umri wa miaka sitini na minne. Ni mfupi, mabega mapana, na kucha zake zina wekundu usiotoka hata siku ya Sabato. Akifikia udongo wa rangi mpya huchukua chembe, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akaigusisha ulimini. Udongo mfinyanzi hung'ang'ania ulimi, mchanga hukwaruza, udongo uliowahi kukaliwa na watu, anasema, una ladha ya jikoni.

Mimi ni jirani yake. Nilimaliza chuo kikuu mwaka juzi, nikiwa nimesomea mambo ya kale, na kijijini wananiita Mwalimu wa Mifupa. Nikiwa bado natafuta kazi, nilimwomba Mzee Mogire aniruhusu nipime tabaka za udongo katika mashimo yake. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisimsemeshe akiwa chini.

Ili mkasa wake ueleweke, ni lazima nieleze kwanza mahali tambarare.

Kwetu ardhi hugawanywa kwa kanda nyembamba zinazoteremka kutoka kileleni hadi mtoni, ili kila mwana apate kidogo cha kila kitu: miti juu, chai katikati, ndizi na mahindi chini, maji mwishoni. Kila hatua ni ya kupanda au kushuka. Kwa hiyo mahali tambarare hutamaniwa kuliko pengine pote. Ukanda wa Mogire ulikuwa na mahali pamoja kama hapo, penye upana wa kutosha nyumba na uwanja. Siku mwanawe mdogo, Mose, alipooa, Mogire alimpeleka huko alfajiri, kama baba anavyopaswa kumwonyesha mwanawe pa kujenga. Aliinua jembe na kulichoma ardhini. Lilizama hadi shingoni, kama kisu kwenye parachichi lililoiva.

"Hapa," akasema, na neno likawa limekwisha.

Ochoki, mwanawe mkubwa, alinung'unika. "Mimi nimepewa mawe, yeye amepewa kiwanja cha mpira."

"Mawe yatakufanya uwe na nguvu," baba yake alimjibu, na watu wakacheka.

Mose alijenga nyumba ya vyumba vitatu. Miaka minane baadaye alifariki kwa ajali ya pikipiki karibu na Keumbu, akazikwa pembeni mwa uwanja wake, chini ya mparachichi. Mkewe, Purity, alibaki pale na binti zao wawili, Bonareri na Nyanchama. Alilima mboga za managu na ndizi akauza sokoni Keumbu, na wanawake waliomshauri arudi kwao aliwajibu kwamba kwao ni hapo alipolala Mose.

Mwezi wa Februari mwaka huu choo cha Purity kilijaa, na Mogire akaanza kuchimba kingine nyuma ya nyumba. Alichimba akiwa peke yake na kwa tahadhari, kwa sababu baba mkwe hana uhuru mwingi katika uwanja wa mke wa mwanawe. Haruhusiwi kula mbele yake, haruhusiwi kumgusa, na kuingia katika nyumba yake ni jambo ambalo halitajwi hata kwa utani. Heshima hiyo yenye aibu ndani yake tunaiita chinsoni. Sisi ni Wasabato, lakini chinsoni haikuondoka kwa ubatizo. Purity alipotaka kumwambia kitu, alisimama nyuma ya migomba akitazama kando.

Siku ya tano Mogire aliniita kutoka chini.

"Maureen! Lete kipimo chako."

"Umefika futi ngapi, Mzee?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Pima."

Zilikuwa futi kumi na nne na inchi tatu. Nilivuta ndoo. Juu ya udongo mwekundu palikuwa na udongo mweusi uliojaa makaa, bonge la mavi ya chuma yanayobaki chuma kikiyeyushwa, na kitako cha chungu. Kitako kile kilikuwa na kibonyo katikati, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba kikiwa kibichi. Niliweka gumba langu ndani yake. Kilinitosha. Nilikigeuza tena na tena, kwa maana vigae vya namna ile nilikuwa nimeviona darasani tu.

"Mzee, hawa ni wakulima wa kwanza kabisa wa nchi hizi za ziwa," nilimwambia, nikisahau sharti lake. "Wa kabla ya historia. Kabla babu wa babu zetu hawajafika hapa. Pengine ni miaka elfu mbili. Walifyeka msitu, wakachoma, wakapanda wimbi. Wakakata miti mingine ya kuyeyushia chuma."

"Wimbi?"

"Wimbi."

"Basi walikuwa watu wa maana." Akakohoa. "Wakaenda wapi?"

Nilimjibu kama kitabu. Ardhi ilichoka, wakahama. Mvua ikaleta udongo kutoka juu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, hadi makao yao yakafunikwa.

Kisha akasema, "Shuka uone."

Hakuwahi kuniruhusu kushuka. Nilishuka kwa vipandio alivyovichonga ukutani, na chini nikawasha taa ya simu. Pale palikuwa na joto na harufu ya jiko la zamani.

"Nionyeshe mstari," akasema.

"Mstari gani?"

"Nimechimba mabondeni maisha yangu yote. Udongo unaoletwa na mvua kidogo kidogo hulala kwa mistari, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Mchanga, tope, mchanga, tope. Kitabu chako kimesema karne baada ya karne. Haya, nionyeshe hapa mstari mmoja tu."

Nilipandisha mwanga polepole. Kutoka kwenye makaa hadi karibu na majani ya juu, udongo ulikuwa mwekundu mtupu, uliovurugika, wenye mawe makubwa kama vichwa vya watu. Mawe mengine yalisimama wima, jambo ambalo mawe yanayoletwa na mvua hayafanyi. Sikuona mstari hata mmoja.

"Na tazama hili."

Miguuni pake palikuwa na jiwe la kusagia, limelala kifudifudi. Aliliinua upande mmoja. Chini yake vilikuwa vigae vya chungu kilichopondeka, na katikati ya vigae punje ndogo nyeusi, zimeungua lakini bado ni za duara.

"Mwanamke gani anahama akiacha wimbi chini ya jiwe?" aliuliza. "Huu udongo haukuja kwa karne, Maureen. Ulikuja siku moja."

Nilitaka kusema kwamba hilo linawezekana, kwamba lina jina lake kitaalamu, lakini niliona hanisikilizi. Alikuwa ameinua uso, anatazama kipande cha mbingu mdomoni mwa shimo.

"Hapa hapakuwa tambarare," alisema taratibu. "Palikuwa mteremko kama kwingine. Kilichopafanya tambarare ni kilima kilichoshuka. Ndiyo maana jembe lilizama." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Na mimi nikamwambia mwanangu ajenge juu yake."

Tulipotoka, sote wawili tulitazama juu kwa wakati mmoja. Juu ya nyumba ya Purity, mahali ambapo tangu utoto wangu palikuwa na mikaratusi na vichaka, palikuwa na visiki. Mwaka uliotangulia ukanda wa kwanza ulikatwa ili kupandwa chai zaidi, na wa jirani akaona jua limeingia kwake akakata pia. Mogire alihesabu kwa kidole. Kanda saba, watu saba. Yeye mwenyewe alikuwa wa pili kukata.

Hakumaliza kile choo.

Mvua za masika zilianza wiki ya tatu ya Machi na hazikupumzika. Asubuhi ya kwanza iliyofunguka, Mogire alipanda hadi kwenye visiki. Nilimfuata. Kati ya mashina ya chai alionyesha ufa unaopita kutoka ukanda wake hadi wa jirani yake, Nyangate. Ulikuwa mwembamba, mtu angeuruka bila kuutambua. Mogire alipigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, akavifunga kwa ugwe wa mgomba uliokazwa sawasawa.

Baada ya siku tatu ugwe ulikuwa umevutika hadi unalia ukiguswa.

Alikwenda akasimama nyuma ya migomba ya Purity.

"Mama Bonareri."

"Naam, tata." Purity aliacha kupalilia, akageuka upande. Tata kwetu ni baba.

"Wachukue watoto, mkalale kwa bibi yao Bitutu hadi mvua iishe; mimi nitalala ghalani."

"Kwa nini, tata?"

"Kilima hiki kitashuka."

Mvua ilidondoka kutoka jani hadi jani.

"Kimekwambia lini?" aliuliza.

"Nimeona shimoni. Maureen pia ameona. Walikaa watu hapa zamani, wakakata miti, kilima kikawafunika."

"Watu wa zamani gani? Wa Nuhu?"

"Usinifanyie mzaha, mama."

"Sikufanyii mzaha, tata. Nauliza tu. Mose alipokuwa hai, kilima kilikuwa hapa. Hakikushuka. Mose ameondoka, sasa kilima kinataka kushuka. Nikitoka na godoro langu leo, kesho nitakuta kuku wa Ochoki sebuleni."

Ochoki alikuwa amewahi kusema, kwenye matanga ya mdogo wake na mbele ya watu, kwamba kiwanja kile kingefaa banda la kuku. Alisema ni utani. Purity hakuusahau. Anawafahamu wajane wawili hapa kijijini walioambiwa wapumzike kidogo kwa wazazi, na wakirudi wakakuta kufuli jipya mlangoni.

"Mimi ndimi niliyekuonyesheni hapa," Mogire alisema.

"Basi hapa nitakaa. Mume wangu amelala pale." Akaelekeza jembe kwenye mparachichi. "Nani atamlinda? Wewe na Maureen na vigae vyenu?"

Bitutu, mkewe Mogire, naye alikwenda kumsihi, akarudi peke yake. Mimi nilikwenda na simu yenye picha za ukuta wa shimo. Purity alizitazama kwa adabu, kisha akaniuliza kama chuo kikuu kilinifundisha pia kuwahamisha wajane. Naibu wa chifu alifika, akauruka ufa, akasema ataandika ripoti. Nyangate, ambaye nusu ya ufa ilikuwa kwake, alimcheka Mogire wazi.

"Umekaa mashimoni miaka mingi, Mogire. Sasa unaona kaburi kila mahali."

"Pima ufa wako, Nyangate."

"Nitaupima ukizaa mtoto!"

Mogire alibadilisha ugwe mara mbili. Wa kwanza ulikatika kwa siku sita, wa pili kwa siku mbili. Alianza kupanda huko mara tatu kwa siku. Alikonda. Bitutu aliniambia anakula akiwa amesimama, uso ameuelekeza dirishani.

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili mambo matatu yalitokea kabla ya alasiri. Chemchemi iliyo chini ya mteremko, ambayo haikuwahi kukauka hata wakati wa kiangazi, ilikauka mvua ikinyesha, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakatokeza mahali pengine, katikati ya mahindi. Bonareri alimpitia bibi yake akitoka shule, akamwambia kwamba mlango wao umekataa kufungika na mama ameuchonga kwa panga lakini bado unagoma. Na ugwe wa tatu, ambao Mogire aliufunga asubuhi, ulikuwa umekatika saa sita.

Alikuja kwetu akiwa amevaa mabuti na kofia ya Sabato, nikashangaa kofia ile.

"Twende," akasema. "Wewe simama kwenye ua. Watoto wakitoka, washike mkono uwapeleke kwa Bitutu. Usiulize."

"Purity hatatoka, Mzee."

"Atatoka."

Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Purity alikuwa sebuleni akipiga nguo za Sabato pasi ya makaa, maana jua likizama kazi hiyo hukoma. Nilimwona kupitia mlango ambao haukufungika. Bonareri alikuwa amekaa sakafuni akimsuka mdogo wake.

Mogire alifika kizingitini. Sikuamini macho yangu. Alivua mabuti, akayapanga ukutani kama mgeni mwenye adabu. Akavua kofia. Kisha akaingia.

Purity aliinua uso, akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani. Alijifunika kichwa kwa leso, akageukia ukuta.

"Tata! Tata, unafanya nini? Toka!"

"Sitoki."

"Watoto wako hapa! Mungu wangu. Toka, tata, mimi sikuoni, toka!"

Mogire alivuka chumba na kuketi kwenye kiti cha Mose. Aliweka kofia magotini. Alitazama sakafu.

"Nimeingia," alisema kwa sauti nzito. "Nimekaa. Nikitaka nitakaa hadi kesho. Mimi na wewe hatuwezi kuwa ndani ya nyumba moja, na mimi sisimami."

Hapo nikaelewa. Purity hakuweza kumsukuma, kwa sababu hangeweza kumgusa. Hakuweza kubaki naye chini ya paa moja. Na hata angemsubiri atoke, nyumba iliyoingiwa na baba mkwe hailaliwi wala haiingiwi mpaka wazee waitakase. Mzee huyu, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi hata kukaribia kizingiti kile, alikuwa ametumia aibu yake yote kwa mara moja.

Purity alitoka akilia, leso usoni, mtoto mdogo kwapani. Bonareri alimfuata na kitana mkononi. Niliwapokea. Majirani walikuwa tayari kwenye ua, na Nyangate alikuwa mbele yao.

"Ameingia," Purity aliwaambia. "Ameingia nyumbani kwangu mchana kweupe na kuketi kwenye kiti cha marehemu. Mmeona mabuti yake? Yako pale!"

Hakuna aliyecheka. Mogire alitoka baada ya kitambo, akavaa mabuti, akapita katikati yao bila kuinua macho. Mwanamke mmoja alitema mate kando ya njia.

Sabato hiyo hakwenda kanisani. Wazee wa ukoo walikutana Jumapili chini ya paa la Bitutu, wakaamua kwamba nyumba itatakaswa Jumanne, kwa mbuzi wa Mogire, na kwamba yeye ataomba msamaha mbele ya watu wa nyumba zote. Walimuuliza kama ana la kusema. Alisema mbuzi yupo, lakini wangoje mwezi mmoja. Walimwambia Jumanne.

Na Jumapili hiyo hiyo, mvua ikakoma.

Jua lilitoka kali. Visiki vikafuka mvuke, watu wakaanika maharagwe. Nyangate alipita karibu na nyumba ya Mogire akiimba. "Kilima kimetuma salamu," alisema kwa sauti, "kinasema kimeahirisha safari." Ochoki alimwambia baba yake kwamba sasa hata yeye haaminiki sokoni, watu wanasema baba na mwana wamekula njama. Mogire alikaa kwenye kigogo uani, mikono kati ya magoti. Niliketi karibu naye. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba tumekosea, kwamba mawe wima na punje za wimbi si ushahidi wa kutosha kumvunjia mtu heshima yake. Nilimuuliza.

"Maji bado yako ndani," alijibu. "Jua linakausha ngozi tu."

"Na lisipotokea lolote?"

"Basi mimi ni mzee mchafu." Akawatazama watoto wa Purity wakicheza. "Nitakuwa mzee mchafu mwenye wajukuu."

Jumatatu, saa saba mchana, Purity alikwenda kulisha kuku wake. Kwa kawaida angeingia ndani kuchukua mahindi kwenye gunia lililokuwa chumbani, lakini nyumba ilikuwa bado haijatakaswa, naye ni mwanamke anayefuata utaratibu hata akiwa na hasira. Aliazima mahindi kwa Bitutu kwenye sufuria ndogo. Alisimama njiani, nje ya ua, akiita. Kuku hawakuja. Walikuwa wote juu ya paa la jiko, wamenyoosha shingo.

Nilikuwa kwa Bitutu na watoto. Kwanza niliusikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, mbali, ambao haukuisha. Bitutu aliangusha ungo. Tulipotoka nje, mteremko ulikuwa unatembea. Mashina ya chai yalikuwa bado yamesimama kwa mistari yao, yanashuka pamoja taratibu, kama watu kwenye maandamano, kisha yakaharakisha. Nyumba ya Mose iligeuka kidogo, kana kwamba inatazama kitu nyuma yake. Mabati yakapiga kelele. Halafu hapakuwa na nyumba.

Bonareri alipiga ukelele wa kumwita mama yake, tukakimbia.

Purity alikuwa njiani, amekaa chini, sufuria imekumbatiwa kifuani. Tope lilikuwa limesimama hatua thelathini kutoka miguuni pake. Mahindi yalikuwa bado ndani ya sufuria. Hakulia. Alikuwa anatazama mahali palipokuwa na mparachichi.

"Mose amezikwa mara mbili," Bitutu alisema, akaketi kando yake.

Mogire alifika mwisho, kwa sababu magoti yake ni mabovu. Alipomwona Purity, alisimama mbali, kama desturi inavyotaka, akageuza uso. Purity naye alijifunika kichwa. Walikaa hivyo, kila mmoja akitazama upande wake.

Hakuna mtu aliyekufa. Kuku wanne walipatikana. Nyangate alipoteza nusu ya chai yake, ambayo ilikuwa imesimama wima katikati ya kiwanja cha Purity, na kwa siku mbili aligombana na kila mtu. "Udongo huu ni wangu," alisema. "Chai hii ni yangu. Nitaichuma hapa hapa." Siku ya tatu alikuja na jembe na miche ya miti ya kienyeji kutoka kwenye kitalu cha kanisa, akapanda juu kwenye jeraha bila kumwambia mtu. Siku ya nne Mogire alipanda upande wake. Wa kanda nyingine watano wameahidi. Hadi ninapoandika, wawili wamefika.

Wazee walikutana tena. Mmoja aliuliza kama nyumba ambayo haipo inaweza kutakaswa. Mwingine akasema kosa haliko kwenye matofali. Walibishana hadi jioni. Bitutu, ambaye alikuwa akiwamiminia chai, akasema mbuzi achinjwe, kisha nyama iliwe na walio hai, maana wako hai. Ikawa hivyo. Mogire aliomba msamaha mbele ya watu, kofia mkononi, na Purity akamjibu kutoka nyuma ya mlango kwamba amesikia.

Lilibaki suala la pa kuishi. Ochoki alikuja mwenyewe kwa mama yake, akakuna kisogo.

"Mwambie Mama Bonareri achukue kipande cha kwangu. Kile cha mawe, juu ya kibanda changu."

"Na banda la kuku?" Bitutu alimuuliza.

"Mama, acha. Nimelia kwa ajili ya tambarare miaka yote hii. Mungu alinisikia akaninyima."

Purity alikaa wiki nzima bila kujibu. Kisha akamtuma Bitutu na neno moja: tata aende akamwonyeshe pa kujenga. Lakini asichome jembe. Achimbe kwanza.

Nilikwenda na kipimo changu. Mogire alifika mapema, akachagua mahali, akaanza. Udongo haukuwa na kina. Sururu ilipiga kitu, ikatoa cheche. Aliendelea taratibu, akikwangua kwa sepeto kando kando. Futi moja na nusu. Futi mbili. Purity alikuja akasimama nyuma ya mgomba wa Ochoki, uso upande, Nyanchama mgongoni.

"Tata," aliita. "Kuna udongo mweusi?"

Mogire alichukua chembe, akaigusisha ulimini.

"Hakuna. Haina ladha ya jikoni."

"Kuna mistari?"

"Hakuna udongo wa kutosha kuwa na mistari, mama. Ni mwamba. Sikia." Akaupiga kwa sururu, nao ukalia kama kengele ya shule. "Haujatoka mahali. Hapa ndipo ulipozaliwa."

Purity alisikiliza hadi mlio ukaisha. Alimpandisha mtoto mgongoni, akaikaza leso.

"Sogea hatua tatu kushoto," alisema, "uchimbe tena."

Mzee Mogire alijipangusa jasho. Akahesabu hatua tatu kushoto, akatemea mate viganja vyake, na kuinua sururu.